Milimita Mbili Chini ya Mfuniko

Alhamisi, wiki ya pili ya mwezi wa tano. Mvua ya mawe imepiga mabati tangu saa nane, sasa umebaki ukungu, na kilima cha ng'ambo hakionekani tena. Nina hasira. Hasira yenyewe haina pa kwenda, kwa sababu mtu ninayemkasirikia ndiye huyu anayeandika.

Nitaandika kwa mpangilio, kama ninavyoandika kila kitu. Leo sina kingine cha kushika.

Mimi ni karani wa shule ya sekondari iliyo chini ya nyumba yetu, upande wa Ngungu. Ninaishi na baba yangu, Papa, ambaye alianza kutengeneza jibini kabla sijazaliwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili majirani wanapanda na maziwa, Papa anayapima mbele ya wote, anayamimina katika sufuria kubwa, na baada ya kugandishwa, kukamuliwa na kulala katika maji ya chumvi, yanakuwa magurudumu ya jibini yaliyopangwa juu ya mbao. Mbao ni za libuyu, mti mgumu wa msituni. Zilitoka Walikale kwa wajomba zangu, wakati Mama alipokuwa hai. Chumba cha jibini ni cha mawe, hakina dirisha, na ni baridi mwaka mzima. Hatuna chumba kingine kama hicho, na hakuna jirani aliye nacho.

Upande wangu, nina seva. Ni jina kubwa kwa kisanduku bapa cha chuma kinacholingana na ile Biblia kubwa inayosomwa kanisani. Kaka yangu Justin, anayetengeneza kompyuta Goma, alikiokota katika ofisi iliyofungwa akanipa. Ndani nimeweka masomo yote ya darasa la sita, la mwisho la sekondari: vitabu, mazoezi, mitihani ya miaka iliyopita na majibu yake. Kinakula umeme wa jua wa paa letu. Wanafunzi wanabaki darasani, wanafungua simu zao, na masomo yanawashukia bila waya kutoka antena ya paa letu, bila kununua mega hata moja ya intaneti.

Wako thelathini na mmoja. Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao. Mwalimu wa hesabu na mwalimu wa fizikia walishuka Goma kipindi barabara ilipofungwa, na hawajapanda tena. Kwa watoto wale, kisanduku ndicho mwalimu wa hesabu.

Mimi nilifika kwenye mtihani huo bila daftari hata moja, mwaka ule tulipokimbia vita na kulala chini ya hema karibu na Mubambiro. Nilishindwa. Nilirudia mwaka mzima kwa kosa ambalo halikuwa langu. Ndiyo sababu ya kisanduku. Sitaki mwingine arudie.

Hayo ndiyo ninayojiambia. Yalikuwa kweli tupu mpaka wiki iliyopita.

Kisanduku kilifika bila kipoza. Kila mashine inayofikiri inatoa joto, na juu ya prosesa, kile kipande kidogo kinachofanya kazi yote, lazima kikae kipoza: mapezi ya aluminiamu yanayonyonya joto, na feni inayoyapulizia. Katika kompyuta kubwa unaweka kipoza kirefu kama chupa na nafasi inabaki. Katika kisanduku changu, kutoka mgongo wa prosesa hadi mfuniko kuna milimita arobaini na saba. Nilipima kwa rula ya shule, mara tatu, nikaandika.

Justin alizunguka maduka ya Goma kutafuta vipoza vifupi, akanitumia picha za vitatu. Cha kwanza kilikuwa na kimo cha milimita ishirini na saba, chembamba kama kipande cha mkate. Cha pili thelathini na saba. Cha tatu arobaini na tano, kizito, chenye mapezi mengi na mirija minne ya shaba. Nilipiga mistari katika daftari, nikaweka safu: kimo, upana, idadi ya mirija, kama kingegusa kadi za kumbukumbu au la. Cha tatu kilishinda katika kila safu. Arobaini na tano ndani ya arobaini na saba. Kinaingia.

Safu moja sikuiweka. Sikuandika popote hewa itapita wapi.

Justin ndiye aliyeitaja. Alinirekodia sauti kwa simu, na bado ninayo.

"Dada, chukua ile ya katikati. Ile kubwa itaingia, ndiyo, lakini mufuniko yako haiko na matundu juu, iko na matundu ya pembeni tu. Ile feni, ventilateur, inavutaka hewa ya juu. Sasa itavuta nini? Itavuta chuma?"

Nilimjibu kwamba ningebaki na milimita mbili.

"Milimita mbili!" Alicheka mpaka akakohoa. "Basi wafunge kitambaa ku pua yako, wakuachie milimita mbili, tuone kama utapanda hata kilima ya kanisa."

Nilichukia kicheko chake. Justin hakumaliza sekondari. Mimi nilimaliza, hata kama ni kwa miaka saba. Nilimwandikia maneno matatu: tuma cha tatu.

Kilipanda kwa pikipiki kupitia Sake, siku nne kwa sababu ya matope, kimefungwa katika kitenge pamoja na mikate. Nilikiweka mwenyewe. Nilipaka ile dawa ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya mchele, nikakaza skrubu kwa mkato wa msalaba, nikarudisha mfuniko. Ulifunga bila kugusa chochote. Nilipiga picha nikamtumia Justin: mfuniko, skrubu nne, hakuna pengo. Hakujibu. Nilihesabu kimya chake kama ushindi.

Siku ya kwanza, chumbani kwangu chini ya mabati, saa saba mchana, prosesa ilifika digrii themanini na tisa. Siku ya pili tisini na nne. Siku ya tatu ilijizima yenyewe wanafunzi wakiwa katikati ya zoezi, na kutoka shuleni nilisikia darasa zima likilia "Eeeh!" kama mpira umegonga mwamba wa goli.

Feni ilikuwa ikizunguka kwa nguvu zake zote, ikivuta hewa ileile iliyokwisha kupashwa.

Dawa yake ilikuwa mbele ya macho yangu. Ningefungua skrubu nne, ningetoa mfuniko, ningetandaza kipande cha chandarua juu kwa ajili ya vumbi. Kazi ya dakika tano. Lakini ile picha ilikuwa kwenye simu ya Justin. Mfuniko uliofungwa ulikuwa ushahidi wangu, na nilijua siku moja atapanda kutusalimia, ataingia chumbani, na jambo la kwanza atakalotazama ni kama umefungwa.

Sikuufungua. Nilihamisha kisanduku.

Papa alikubali haraka, na hilo linaniuma kuliko yote. "Kama iko ya watoto, weka," alisema. Alisogeza mwenyewe ndoo ya chumvi ili nipate nafasi chini ya ubao wa chini kabisa, karibu na ukuta. Aliuliza swali moja tu: "Haitaleta harufu?" Nikamjibu, hapana Papa, haileti chochote.

Haileti chochote. Nilisema hivyo mimi, niliyesoma fizikia ya darasa la sita mara mbili.

Prosesa ilishuka hadi sabini na nne ikabaki pale mchana kutwa. Haikuzimika tena. Niliandika katika daftari kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: TATIZO LIMEKWISHA. Wanafunzi waliponiona shuleni walinishukuru, nami nikapokea shukrani.

Kipoza hakiui joto. Kinalibeba na kulimwaga pengine. Ningeweza kumweleza hayo mwanafunzi yeyote, kwa mchoro na mishale. Sikujiuliza mishale yangu mwenyewe inakwenda wapi. Ilikuwa ikitoka ubavuni mwa kisanduku, ikipanda ukutani, ikiingia katikati ya mbao za libuyu na kugusa jibini za Papa.

Wiki ya tatu ngozi za jibini zikaanza kupasuka. Kwanza mbili, halafu tano. Nyingine zikavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Papa alizigonga kwa kidole moja moja, ameinamisha sikio. Akakata moja. Ndani ilikuwa na mashimo makubwa, na harufu iliyomfanya ageuze uso. Kufikia Ijumaa zilikuwa kumi na moja.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo mtu atamwona Papa mjinga, naye si mjinga. Jibini inageuzwa kila siku. Upande wa juu leo unakuwa upande wa chini kesho, ili ikauke sawasawa. Papa amegeuza jibini kila asubuhi kwa maisha yangu yote, na siku mgongo wake unapouma nageuza mimi. Kama zingelala bila kugeuzwa, nyufa zingetokea upande mmoja tu, ule uliotazama mashine, na Papa angefuata nyufa hizo mpaka kwenye kisanduku kwa dakika moja. Lakini tuliendelea kuzigeuza. Zikaungua polepole pande zote mbili, kwa haki sawa, kwa uangalifu wetu wenyewe. Na kwa mtu anayeijua kazi hii, jibini iliyoharibika pande zote ina maana moja: ubovu ulianzia ndani. Ubovu uko katika maziwa.

Papa akaanza kutafuta maziwa.

Bidon saba, madumu ya maziwa, zinapanda kwetu kila asubuhi. Sita ni za familia zilizoleta tangu enzi za babu. Ya saba ni ya Mama Zawadi, mjane mwenye ng'ombe wawili, aliyetoka upande wa Muheto na kupewa kipande cha malisho chini yetu. Alianza kuleta mwezi wa tatu. Jibini zilizopasuka zilikuwa za mwezi wa tatu. Hesabu ya Papa ilikuwa safi. Ilikuwa na mpangilio, kama hesabu zangu.

Kwetu, mtu anapokataliwa maziwa, hapigiwi kelele. Maziwa yake yanamiminwa chini, halafu mwenye sufuria anaifunika bidon yake kinywa chini juu ya mti wa uzio, kando ya njia, mpaka mwenyewe aje kuichukua. Kila anayepita anaiona. Nimeona hivyo mara mbili tu maishani, na zote mbili ni kwa watu waliotia maji.

Ijumaa asubuhi ilikuwa mara ya tatu.

Mama Zawadi alikuwa amesimama anatazama kipimo kikielea katika maziwa yake, pale hasa kinapotakiwa kuelea. "Papa, si umepima? Si umeona na macho yako?"

"Kipimo inaonesha maji," Papa alisema. "Uchafu haioneshe."

"Uchafu gani? Mikono naoshaka, chuchu ya ng'ombe naoshaka, bidon nachemshiaka maji. Mumuulize Riziki! Alishapitaka kwangu, aliona."

Watu wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika daftari la maziwa na kalamu, kama kila asubuhi. Na ni kweli, nilipita kwake, niliona, mikono yake ni safi kuliko yangu. Bado sikuwa na uhakika juu ya mashine. Ninaandika hivyo ili nijitetee, lakini haitoshi, kwa sababu siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeona kwamba zote zilizopasuka zilitoka kwenye mbao mbili za chini. Niliona, nikaacha kufikiri.

Nilitazama daftari.

"Ah," Mama Zawadi alisema. "Vizuri, mutoto wa shule. Andika na hiyo."

Akashuka bila bidon. Ni ya njano, ya lita kumi, ina kamba nyekundu kwenye mkono wake. Iko juu ya uzio mpaka sasa ninapoandika. Mvua ya mawe imeipiga leo, nilikuwa naisikia kutoka hapa.

Jumamosi, Papa alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nilichukua kipimajoto cha jibini nikaingia chumbani. Karibu na mlango, digrii kumi na tatu, kama siku zote. Ubao wa juu, kumi na tano. Ubao wa chini, juu ya kisanduku, ishirini na mbili. Nilikaa juu ya mawe nikaitazama namba hiyo. Nikaweka kiganja mbele ya matundu ya ubavuni. Hewa iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu na kavu, kama pumzi ya mtu aliyelala.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nilijua kila kitu.

Kisha nikafanya hesabu nyingine. Nikisema, Papa atatoa kisanduku siku hiyohiyo. Kikirudi chini ya mabati, kitazimika kila mchana, saa zilezile wanafunzi wanapokisoma. Mtihani uko karibu. Watoto thelathini na mmoja upande mmoja, bidon moja upande mwingine. Nikaamua kunyamaza mpaka mtihani upite, halafu nitaona. Uamuzi huo niliuita sadaka. Neno hilo niliandika katika kurasa hizi, nimelikuta leo, nimelikata kwa mistari miwili.

Si kweli. Wanafunzi nilijifunika nao. Njia nyingine ilikuwapo tangu siku ya kwanza, skrubu nne, na nilipita kando yake kwa sababu mwishoni mwake alikuwa amesimama Justin.

Nilifanya na jambo baya zaidi. Jumamosi hiyohiyo nilizipandisha jibini zote za mbao za chini, nikazibana juu, nikamwambia Papa nataka kufagia vizuri na kupaka chokaa. Alisema vema. Hakuna iliyopasuka tena.

Jumanne Papa aligonga jibini zake, zikaitika vizuri, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. "Unaona?" aliniambia. "Tangu tuache maziwa ya ule mama, hakuna tena yenye kupasuka. Njo ilikuwa yeye."

Nilikuwa nimempa ushahidi. Nilimtengenezea kwa mikono yangu, nikamwachia ausome.

Jumatano sikula. Leo asubuhi, watu wa maziwa walipokwisha kushuka, nilimshika Papa mkono nikamwingiza chumbani, nikaweka kiganja chake mbele ya matundu. Alikiacha pale muda mrefu.

"Iko joto kama mutoto wa homa," alisema.

Nikamweleza yote. Kipoza, mfuniko, ishirini na mbili, chokaa. Papa hapigi kelele, na ningependa awe mtu wa kelele.

"Unajua tangu lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi." Akatoa mkono. "Na Jumanne nilisema mbele yako, ukaangalia."

Nilimwomba tushuke wote wawili kwa Mama Zawadi, au aigeuze bidon kinywa juu, ishara kwamba hukumu imefutwa, kwa sababu aliyeifunika ndiye anayeigeuza. Akatazama mbao za libuyu, si mimi.

"Nilisha kusema mbele ya watu. Muntu wa miaka yangu hatembee nyumba kwa nyumba kusema alidanganywa na mashini ya binti yake. Utoe hiyo kitu yako mu chumba yangu. Leo."

Nilidhani ukweli ungetosha. Nilidhani ni mimi tu katika nyumba hii ninayeweza kujua jambo na kuliacha lilivyo. Nilimtazama mgongo alipokuwa akitoka, nikaona nimerithi wapi.

Nilipokibeba kisanduku kwenye mwanga, mapezi ya kipoza yalikuwa na unga mweupe. Chumvi. Hewa ya chumba ilikuwa ikiyala. Hata mashine yenyewe sikuwa nimeiokoa.

Saa tatu nilishuka peke yangu. Mama Zawadi alikuwa anakata majani ya ng'ombe, na aliendelea kukata wakati nasema. Nilipomaliza akanyoosha mgongo.

"Kumbe ni mashini njo ilitia uchafu mu maziwa yangu," alisema, akacheka kicheko kifupi. "Na weye unakuja kuniambia hapa, mu majani. Papa yako alinihukumu ku njia, mbele ya bantu. Hapa ni nani anasikia? Huyu?" Akampiga ng'ombe kofi la mgongo. "Huyu hajuwe kuongea."

Nilimwambia nitamletea bidon yake mlangoni.

"Usiiguse! Ukiileta mu kificho, watasema nilituma mutu aniibie yangu mwenyewe." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Miye kesho napita pale na hawa ng'ombe yangu, saa ya maziwa, kama kila siku. Siangalie uzio. Napita tu."

Kisha akarudi kwenye majani yake, nami nikapanda.

Nilimwandikia Justin yote, bila kupunguza. Alirudisha sauti. Kwanza kicheko, lazima kicheko: "Dada! Umechoma fromage ya Papa na ordinateur! Hata huku Goma hawajafika kwa kiwango hiyo." Kisha nikasikia pikipiki za mtaa wake. Kisha akasema polepole, "Na ule mama je?" Mwisho akasema: "Natuma ile ya katikati. Lakini toa mufuniko kwanza, dada. Toa tu mufuniko."

Saa tano niliutoa. Skrubu nne. Niliyafuta mapezi kwa brashi ya viatu, nikatandaza kipande cha chandarua, nikawasha kisanduku juu ya meza yangu, chini ya mabati yaleyale, jua likiwa kali kabla ya mvua. Saa sita, sabini na sita. Saa saba, sabini na tisa. Hakikuzimika. Kutoka shuleni sikusikia "Eeeh" yoyote. Wanafunzi hawakujua kwamba kuna lililobadilika. Sabini na tisa si namba nzuri, na kile cha thelathini na saba kitakapofika kitafanya vizuri zaidi chini ya mfuniko, kwa sababu kitaachiwa nafasi ya kupumua. Lakini sabini na tisa inatosha mpaka mtihani.

Ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Hakuna hata jibini moja iliyohitajika kufa. Hakuna bidon iliyohitajika kupanda juu ya uzio. Ningalikubali kuchekwa kwa dakika moja katika simu, na yote yangeishia hapo.

Ninaona Papa kutoka dirishani. Ameketi mlangoni mwa chumba cha jibini, anatazama njia. Hatujasemezana tangu asubuhi. Nilimpelekea chai, aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kwa mgeni.

Mfuniko nimeuweka karibu na mlango, na viatu vya mvua juu yake, nisiusahau. Kesho saa kumi na mbili watapanda wenye bidon sita. Nitasimama kwenye uzio na daftari langu, si la maziwa, hili la digrii. Nitaanza na namba ya Jumamosi, ishirini na mbili, halafu ubao wa chini, halafu chokaa. Kisha nitaigeuza bidon ya njano kwa mkono wangu, hata kama si mimi niliyeifunika, na pale pale juu ya mti nitaufunika mfuniko wa mashine yangu, ubaki hapo wauone wote wanaopita. Papa atakuwa amesimama nyuma yangu. Sijui atafanya nini. Anaweza kuingia ndani. Anaweza kuniambia niondoke kwenye sufuria yake, na nitaondoka.

Sauti yangu ni ndogo, na kuna hatua kama ishirini kati ya uzio na mahali ng'ombe wawili watakapopita. Lazima ifike.

Andika na hiyo, alisema. Nimeiandika. Kesho ni ya kuisoma.